Tupeane uzoefu: wenye ulemavu na wazazi wa Mtwara na Lindi, uligonga mlango gani ukafunguka?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Habari zenu ndugu zangu wa Kusini.

Mdogo wangu alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti, baada ya ajali ya bodaboda. Miezi kumi na moja alikaa ndani. Anatoka kwenda chooni, anarudi kitandani, basi. Sisi ndugu zake tulidhani kumsaidia ni kumpelekea chakula na vocha. Siku moja mama mmoja wa mtaa wa pili, anayetembea kwa magongo, alikuja kutupa pole ya msiba wa bibi. Akamkuta kijana amelala mchana kweupe. Akauliza: "Huyu mmeshamwandikisha kwa mwenyekiti?" Tukabaki kutazamana.

Swali lile ndilo lililomtoa ndani. Mwenyekiti wa mtaa akatuandikia barua, barua ikatupeleka kwa afisa ustawi wa jamii, ustawi wakatuelekeza kwenye karakana ya viungo bandia Dar es Salaam. Leo dogo ana meza yake ya kutengeneza simu karibu na stendi.

Kinachoniuma ni ile miezi kumi na moja. Milango ilikuwepo, hatukuijua. Naomba kila mwenye kisa akilete hapa: ulikwenda ofisi gani, ulikwenda na nani, ulibeba karatasi gani, na ulirudishwa mara ngapi. Hiyo "mara ngapi" msiiruke, maana najua wengi wanakata tamaa safari ya pili.

Mkulima asiyeona, Tandahimba

Naandika mwenyewe kwa simu inayosoma kwa sauti. Herufi zikikosewa mnisamehe.

Macho yaliondoka nikiwa na miaka 31, presha ya macho, nilichelewa hospitali. Nina ekari nne za mikorosho, nimeipanda kwa mikono yangu. Baada ya kupofuka, kaka yangu ndiye aliyekuwa anapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika. Kwenye daftari la chama jina lilikuwa lake. Shamba langu, mikorosho yangu, ila kwenye daftari mimi sipo. Na asiyekuwepo kwenye daftari hapati salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, hapati malipo, hapigi kura kwenye mkutano wa chama.

Kila msimu kaka aliniletea unga na shuka, akasema bei imeshuka. Lakini mimi nina redio. Bei za minada zinatangazwa. Na magunia nilikuwa nashona mwenyewe kwa kupapasa, najua yalikuwa kumi na manne. Hesabu ya kilo nikiifanya kichwani usiku, usingizi haupo.

Nilikwenda kwa katibu wa chama peke yangu, mwanangu akinishika mkono. Jibu: "Njoo na msimamizi wako." Nikarudi nyumbani. Mara ya pili, jibu lile lile. Mara ya tatu nilikwenda na mwenyekiti wa wilaya wa chama chetu cha wasioona, TLB, pamoja na mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti naye haoni. Alikuwa na nakala ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kwenye mkoba, akampa katibu aisome yeye mwenyewe kwa sauti, mbele yetu. Katibu alisoma. Alipofika mwisho wa ukurasa akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Shamba lako linapakana na nani?" Wakaja kulipima wiki ile ile.

Ikabaki benki. Huko nako nikaambiwa akaunti ifunguliwe kwa jina la mtu anayeona. Tukarudi na mwenyekiti yule yule. Safari hii wakakubali niweke dole gumba, mbele ya shahidi niliyemchagua mimi. Dada wa benki alinishika kidole akakirudisha kwenye wino mara tatu, alama haitoki. Mafuta ya maganda ya korosho yamekichubua kidole, mistari imefutika. Mwishowe tulitumia kidole cha pete.

Kaka bado ni kaka yangu. Msimu uliopita ndiye aliyenibebea magunia hadi ghalani, na nimemlipa ujira wake kama ninavyomlipa mtu mwingine.

Mama wa mtoto mmoja, Masasi

Pole sana baba, na hongera. Mimi nina mtoto wa miaka mitano mwenye mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe, shingo ndiyo imeanza kukaza. Baba yake aliondoka. Kuna aliyepita njia hii? Nianzie wapi?

Mama mwenzako, Lindi

Mwenzangu, nimepita. Wangu sasa ana miaka tisa.

Kwanza mtoe nje. Najua maneno ya watu. Mimi niliambiwa nimemla mwanangu kwa uchawi, nikaambiwa shetani wa baharini, nikapeleka kuku wawili kwa mganga. Nilimficha hadi akatimiza miaka mitatu. Aliyenifungua ni nesi wa kliniki aliyeniuliza kwa upole kama nilipata uchungu wa muda mrefu siku ya kujifungua. Nilipata, siku mbili. Akanieleza kwamba mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa na ubongo ukaumia. Nililia palepale kwenye benchi, lakini kilikuwa kilio cha kutua mzigo.

Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali ya mkoa. Nilipangiwa kila wiki, nauli ikanishinda baada ya mwezi. Nikamwambia ukweli yule mtaalamu. Naye akanifundisha nifanye nyumbani, niende mara moja kwa mwezi tu. Jinsi ya kumnyoosha misuli asubuhi akiwa bado na joto la kitanda, jinsi ya kumlisha akiwa ameketi badala ya kulala chali, maana chakula kikiingia njia ya hewa ni nimonia.

Kiti nilitengenezewa na fundi seremala wa mtaani. Nilimpelekea mtoto mwenyewe, akampima kwa kamba: mgongo, paja, goti hadi unyayo. Akatengeneza kiti cha kona, chenye mbao mbili za mgongo zinazokutana kama pembe ya nyumba ili mabega yaje mbele, na meza ndogo inayochomekwa kwa mbele. Mkanda ni khanga yangu iliyochakaa, nimeikunja mara nne. Siku ya kwanza kumkalisha, mwanangu aliangalia huku na huku kwa muda mrefu. Tangu azaliwe alikuwa anaona dari na uso wangu. Siku ile aliona kuku, aliona mlango, aliona watoto wanapita. Akacheka mpaka akapaliwa.

Shule: muulize afisa elimu maalum wa halmashauri, siyo mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Mimi mwalimu mkuu alinirudisha mara mbili, akisema hawana nafasi ya "watoto wa aina hiyo". Afisa elimu maalum alinielekeza shule yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu. Ni mbali, namsukuma kwenye kiti mwendo, na barabara yetu mchanga mtupu, magurudumu yanazama. Masika siendi kabisa.

Na kama uko kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, hakikisha mtoto ameandikwa kwamba ana ulemavu. Kuna ruzuku ya kaya yenye mtu wa namna hiyo. Mimi waliniandikia "mtoto chini ya miaka mitano" tu, nikakosa kwa muda mrefu.

Tafuta wazazi wenzako. Sisi huku tuko kumi na saba, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi chini ya mwembe. Tunabadilishana nguo, dawa za degedege tunaulizana zinapatikana duka gani, na anayezidiwa tunamshikia mtoto alale hata saa mbili.

Mama wa mtoto mmoja, Masasi

Nimesoma nikiwa namlisha mwanangu. Hilo la mbao mbili kama pembe ya nyumba nimelielewa. Ubarikiwe.

Fundi cherehani, Newala

Mimi nina ulemavu wa miguu, polio ya utotoni. Nazungumzia mkopo wa halmashauri, maana naona wengi wanausikia tu.

Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 yetu sisi. Riba hakuna. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa 2024. Unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kiwe na katiba, akaunti na andiko la biashara. Masharti ya idadi ya wanakikundi kwetu ni mepesi kuliko kwa wanawake na vijana, kwa hiyo msikubali kuambiwa mtafute watu wa kujaza.

Hapo pa kujaza ndipo tulipoumia. Mara ya kwanza jamaa mmoja mzima wa viungo alitukusanya watu wanne, akatuandikia andiko, akasimamia kila kitu. Pesa ilipoingia tukapewa laki moja moja, nyingine akanunulia pikipiki yake. Deni likabaki na majina yetu. Tumelilipa sisi kwa kushona sare za shule miaka miwili. Tulikuwa na haki ya kumshitaki, tuliogopa.

Mara ya pili tuliandika wenyewe. Vyerehani vitatu, kimoja cha kudarizi. Andiko lilirudishwa mara mbili kwa sababu hatukuonyesha soko liko wapi. Tukaenda shule tatu tukaomba barua za kuagiza sare, tukaziambatanisha. Likapita.

Chonde chonde: anayekuja na fomu imeshajazwa jina lako, mkimbie.

Kiziwi, Mtwara

Lugha yangu ya kwanza ni lugha ya alama, Kiswahili cha kuandika nimejifunza shuleni. Naandika kifupi.

Nilikuwa mjamzito. Kliniki wanaita majina kwa sauti. Nilikaa tangu saa moja asubuhi hadi saa nane. Waliitwa wote. Mimi walisema nimekimbia.

Nilikwenda CHAVITA, chama chetu cha viziwi. Tukaandika barua kwa mganga mfawidhi. Hatukuomba mkalimani kila siku, hawana. Tuliomba vitu viwili: namba ya foleni kwenye kadi na kidole kuonyesha, na Alhamisi moja kwa mwezi mkalimani awepo hata kwa simu ya video. Namba walikubali siku hiyo hiyo. Ya mkalimani ilichukua miezi mitano.

Mtoto anasikia. Ana miaka mitatu. Anaongea alama kwangu na sauti kwa baba.

Mwenye ualbino, Lindi

Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha pili. Jimbo letu la Lindi Mjini lilimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni Tanzania. Miaka ile habari za mauaji ya wenzetu Kanda ya Ziwa zilikuwa hazikatiki, mama hakuniruhusu kutoka jioni. Siku ya matokeo watu walipita mtaani kwetu wakiimba jina la mtu mwenye ngozi kama yangu. Nilisimama mlangoni. Mama hakuniita ndani.

Kisa changu ni kidogo. Nauza samaki wa kukaanga sokoni. Meza yangu ilikuwa upande usio na paa, jua la saa sita linanipiga usoni. Shingo ikaanza vidonda. Daktari wa ngozi aliniambia wazi kwamba nikiendelea hivyo ni saratani. Mafuta ya kukinga jua ninayo, yale yanayotengenezwa Moshi, lakini mafuta bila kivuli ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Nilimwomba msimamizi wa soko anihamishe, akasema nisubiri meza iwe wazi. Nikasubiri msimu mzima. Kisha nikaambiwa kuhusu kamati za watu wenye ulemavu, kwamba sheria inazitaka kuanzia kijiji na mtaa mpaka halmashauri. Ya mtaa wetu ilikuwepo kwa jina, haijawahi kukaa. Tukawaomba wakae, wakakaa mara moja, ajenda moja: meza yangu. Muhtasari ukapelekwa kwa mtendaji wa kata ukiwa na mhuri. Siku nne baadaye nilikuwa kivulini. Kabla ya muhtasari ule, nilikuwa mwanamke anayelalamika.

Mwalimu mstaafu wa kitengo, Masasi

Wazazi wenye watoto wa darasa la saba na kidato cha nne, nawasihi: mtoto mwenye uoni hafifu anastahili karatasi ya maandishi makubwa, asiyeona karatasi ya nukta nundu, na muda wa nyongeza upo. Lakini shule lazima ipeleke taarifa wakati wa usajili wa mtihani. Nimeona mtoto mwenye akili anaegemeza karatasi puani chumba cha mtihani kwa sababu mwalimu wake hakujaza kipengele kimoja. Nendeni shuleni mapema, mwombe kuiona fomu kwa macho yenu.

Na upande wa kura, anayehitaji msaada ana haki ya kuingia na mtu aliyemchagua mwenyewe. Siyo msimamizi kumchagulia.

Mleta mada, Mtwara Mjini

Nimemsomea dogo yote haya hapa kwenye meza yake. Amesema niwaandikie kwamba soketi ya mguu bandia inabana mwili ukinenepa na kulegea ukikonda, hivyo mtu asiuvumilie mguu unaomchubua, arudi karakana urekebishwe. Yeye alivumilia miezi miwili, akapata kidonda.

Mama wa Masasi, yule mama wa magongo aliyetufungulia sisi njia ana dada yake huko kwenu, ni katibu wa kamati ya kata. Nimeongea naye leo mchana. Amesema Jumatatu yupo ofisi ya kata kuanzia saa tatu, uende na kadi ya kliniki ya mtoto, na kama huna wa kukusindikiza atakufuata nyumbani.