Mjadala: Nchi ndogo za visiwa zianze kumbadilisha msimamizi wa maji, au zianze na bomba linalovuja?

Mleta hoja: Fundi Mstaafu, Moshi

Majuma mawili yaliyopita nilipata mgeni kutoka Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kijana anayesoma Arusha, aliyekuja Moshi kunitembelea. Tulipokuwa tukipita kando ya mfereji upande wa Njoro, alisimama, akayatazama maji yanavyokwenda zake bila mtu wa kuyakinga, kisha akaniuliza kwa upole kama yana mwenyewe. Kisiwani kwao hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua hunyesha ya kutosha, lakini mwamba wa volkano huimeza papo hapo, na vijijini watu wengi hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika mabirika ya saruji. Mjini Moroni maji hupandishwa kwa pampu kutoka visimani, kwa hiyo umeme ukikatika bomba nalo hukauka. Mwaka 2018 serikali yao ilitenganisha shirika la maji na shirika la umeme, na sasa wao kwa wao wanabishana kuhusu hatua inayofuata: kumpa mwekezaji, kuunda mamlaka huru, kupandisha bei, au kuacha mambo kama yalivyo. Swali lake ndilo ninalolileta hapa, kwa sababu halihusu Komoro peke yake.

Msimamo wangu ni kwamba mageuzi yaanzie chini, kwenye bomba na dira, yaani mita ya maji, na suala la nani amiliki shirika lisubiri zamu yake. Nimefanya kazi ya bomba kwa zaidi ya miaka ishirini katika mamlaka moja ya maji ya huku kaskazini, na jambo moja nililojifunza ni kwamba mtandao wa maji husema ukweli wake saa nane za usiku. Wakati huo watu wamelala, hakuna anayefua wala anayepika, na dira kubwa kwenye bomba linalotoka tangini ilipaswa iwe imetulia. Unaimulika kwa tochi, na kile kigurudumu chekundu chenye umbo la nyota, ambacho huzunguka hata kwa maji kidogo sana, unakikuta kinazunguka kama mchana. Ukiondoa matumizi machache ya usiku, maji hayo yanakwenda ardhini.

Moshi tunaweza kujidanganya kuhusu upotevu huo, kwa kuwa mlima uko pale juu, na maji yanayovuja huku mjini huenda yakaibukia kwenye migomba ya mtu huko chini. Mwenye kisiwa hana faraja hiyo. Mjini Malé, kule Maldivi, maji ya kisima yaliharibika kiasi kwamba mji mzima sasa unategemea maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mtambo wa kisasa wa aina hiyo hutumia takriban uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita ya ujazo, na umeme wa Malé kwa sehemu kubwa hutokana na dizeli iliyoletwa kwa meli. Bomba likivuja hapo, kinachovuja ni mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Kwenye visiwa vya matumbawe kama Tarawa, nchini Kiribati, hali ni ngumu kwa namna nyingine. Maji matamu hukaa ardhini yakielea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inalingana na takriban mita 40 zilizo chini yake, na hesabu hiyo hufanya kazi pande zote mbili: ukivuta kupita kiasi, tabaka la juu likashuka kidogo tu, chumvi hupanda mara nyingi zaidi ya hapo. Kisima kikishaingia chumvi, hata meneja hodari aliyeajiriwa kutoka nje hawezi kukitibu kwa mkataba.

Kuhusu umiliki, mifano haimpi ushindi mtu yeyote. Cabo Verde iliuza asilimia 51 ya Electra, shirika linalozalisha umeme na maji yaliyoondolewa chumvi, kwa kampuni za Ureno, kisha baada ya miaka michache serikali ikarudi kuwa na hisa nyingi. Singapore, ambayo maji yake yako chini ya bodi ya serikali, hupoteza chini ya asilimia 10. Morisi hupata mvua ya wastani wa takriban milimita 2,000 kwa mwaka, lakini nusu au zaidi ya maji yake yaliyosafishwa hayafiki kwenye ankara, na pendekezo la kumkaribisha mwendeshaji binafsi lilizusha upinzani mkali wa vyama vya wafanyakazi. Waliokuwa wakibishana juu ya jina la mwendeshaji walikuwa wakisimama juu ya mabomba yaleyale. Nawakaribisha mnipinge.

Mama Mhasibu, Sakina, Arusha

Shikamoo mzee wangu. Nakupinga kwa heshima, na nitaanzia hapohapo kwenye dira yako. Ni nani aliyeinunua? Ni nani aliyemlipa fundi posho ya usiku? Shirika ambalo makusanyo yake yote huingia katika mfuko mkuu wa serikali, likasubiri kurudishiwa kidogokidogo kwa hisani ya wizara, halitamtuma mtu saa nane za usiku kwenda kutazama kigurudumu chekundu. Uvujaji ni matokeo, na kiini chake ni nani anayeshika fedha na nani ana mamlaka ya kusema hapana.

Nchi yetu imekwisha kulipa karo ya somo hili. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwanakijiji maji ya uhakika ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, bila malipo. Pampu zilifungwa kwa shangwe, lakini vipuri na mafuta vilipokosekana zikasimama, na mwaka 1991, uliokuwa mwaka wa kutimiza lengo, ikaja sera iliyoanza kuzungumzia uchangiaji. Mafundi hawakuwa wavivu, ila hapakuwa na akaunti ambayo ingeweza kununua beringi. Nakubaliana nawe kwamba kukimbilia mwekezaji si dawa, kwa kuwa mkataba wa City Water, kampuni binafsi iliyokabidhiwa maji ya Dar es Salaam, ulianza mwaka 2003 na kuvunjwa Mei 2005, kabla ya kutimiza hata miaka miwili. Lakini tatizo la mkataba mmoja halithibitishi kwamba suala la umiliki linaweza kusubiri.

Zaidi ya hayo, kisiwa kidogo kina shida ambayo hukuigusa. Waziri, meneja wa shirika na mteja mkubwa anayedaiwa, yaani hoteli, huenda wote wamesoma darasa moja au wameoleana. Pasipo sheria inayolitenga shirika na mkono wa wanasiasa, bei itagandishwa kila uchaguzi unapokaribia, na hoteli haitakatiwa maji hata siku moja. Dira itasoma vizuri kabisa deni ambalo hakuna atakayelidai.

Mpemba wa Ngarenaro

Nawasalimu nyote. Mimi nimezaliwa Pemba na ninafanya biashara hapa Arusha, na nashangaa kwamba mmefika Kiribati bila kutua Unguja, ilhali kisiwa kilicho karibu nanyi kina historia ndefu ya jambo hili. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 maji yakawa ni huduma ya bure, na vizazi viwili vikakua bila kuona ankara. Sheria ya mwaka 2006 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar na kufungua mlango wa kuchangia.

Wataalamu walidhani wananchi wangebisha kuhusu bei. Nilichokisikia mimi nyumbani kilikuwa kingine. Mama yangu alikuwa akilala na sikio moja wazi: ndoo imewekwa chini ya bomba, na ndani ya ndoo amelaza sahani ya bati, ili tone la kwanza likidondoka limwamshe. Baadhi ya siku lilidondoka saa tisa usiku, siku nyingine halikudondoka kabisa. Alipoambiwa achangie maji, hakusema kwamba ni ghali, wala hakusema kwamba ni ya Mwenyezi Mungu, ingawa wapo waliosema hivyo na nawaheshimu. Aliuliza kama mchango huo utamwezesha kuondoa ile sahani.

Mamlaka inasema lipeni ili tuweze kuleta, na mwananchi anasema leteni ili tuweze kulipa. Mama Mhasibu anataka sheria na Mzee Fundi anataka dira, lakini katika jamii iliyozoea maji ya bure mtaa huanza kulipa pale tu unapoona tofauti kwa macho. Chagueni mtaa mmoja, uwe na maji kwa saa zilizotangazwa na saa hizo ziheshimiwe, ndipo muupelekee ankara. Mtaa wa pili utaiomba dira wenyewe.

Mkulima wa Kibosho

Naongeza kidogo tu. Mifongo yetu, yaani mifereji ya jadi, ilichimbwa na babu zetu bila wizara na bila mwekezaji, na kila ukoo ulijua zamu yake. Asiyefika siku ya kuzibua mfereji hutozwa faini, na akikaidi hukosa zamu. Hivyo visiwa havina koo? Mbona mnazungumza kana kwamba kuna serikali na kampuni tu?

Mama Mhasibu, Sakina, Arusha

Kaka wa Kibosho, mfongo humwagilia migomba. Maji ya kunywa yanahitaji maabara. Sisi wa Arusha na Arumeru tunalijua hilo kwa meno yetu, yaliyogeuka rangi ya kahawia kwa madini ya floraidi wakati maji yalikuwa meupe na matamu mdomoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu hadi 4. Ukoo hauwezi kuipima floraidi kwa kuonja.

Mleta hoja: Fundi Mstaafu, Moshi

Marahaba, mama. Kuhusu akaunti umenishinda, na ninakubali kwamba shirika lisiloshika fedha zake halitaziba hata tundu moja kwa wakati. Hilo naliweka sambamba na dira, si nyuma yake. Hata hivyo sikubaliani kwamba visiwa vyote vinaweza kuinakili sheria yetu. Tuvalu ina watu takriban 11,000, idadi ambayo ni ndogo kuliko ya kata nyingi za Jiji la Arusha. Ukiunda huko wizara, mamlaka, bodi na mdhibiti wa bei, utakuwa umewaajiri wahasibu wengi kuliko mafundi, nawe usinikasirikie. Kule Funafuti, mji wake mkuu, maji ya nyumbani hutoka hasa kwenye paa na kuingia tangini. Ukame wa mwaka 2011 ulipoyakausha matangi, serikali ilitangaza hali ya dharura, na New Zealand na Australia zikapeleka mitambo ya kuondoa chumvi. Kwa nchi kama hiyo mageuzi ya maana ni mfereji wa bati usiotoboka, tangi lenye mfuniko, na mtambo wa akiba ambao kuna mtu mwenyeji anayejua kuutengeneza.

Na akiba hiyo haihusu wadogo peke yao. Desemba 2014 moto ulizuka katika mtambo wa maji wa Malé, na mji wenye watu zaidi ya 100,000 ukabaki bila maji ya bomba kwa siku kadhaa, hadi India ikapeleka maji kwa ndege na kwa meli. Shirika lile lilikuwa na serikali kama mwenye hisa nyingi na kampuni ya Japani yenye asilimia 20. Sioni ni mgawanyo gani mwingine wa hisa ambao ungeuzima moto ule. Tangi kubwa lililojaa na mtambo wa pili uliojengwa mbali na wa kwanza vingewapunguzia adha.

Kaka wa Kibosho, koo zipo, na ndipo penye ugumu kuliko pote. Huko Tarawa, hifadhi ya maji ya Bonriki iko juu ya ardhi za familia. Serikali inawalipa kodi ya pango, lakini mwenye ardhi anaambiwa asijenge, asilime, asifuge nguruwe, ili mji upate maji, na kwa macho yake anachokiona ni shamba la babu yake lililowekwa uzio. Mgogoro wa namna hiyo hautatuliwi na dira yangu wala na akaunti ya Mama Mhasibu. Samoa wamejaribu njia iliyo karibu na yako: baadhi ya vijiji vinaendesha miradi yao vyenyewe kando ya mamlaka ya taifa, na udhaifu wao ni huohuo alioutaja mama, usafi wa maji. Ningependa kijiji kibaki na bomba lake, na mtu wa maabara atoke serikalini na kufika kwa ratiba.

Habari ya sahani ya bati nimemsimulia mgeni wangu wa Ngazidja kwa simu. Alicheka, akasema kwao ni sufuria. Aliniomba ile fimbo yangu ya chuma ya kusikilizia, ambayo unaigusisha kwenye bomba, unaweka sikio, na unasikia maji yakinong'ona mahali palipotoboka. Nimemwambia nitampa, lakini asiitegemee sana, kwa kuwa mabomba ya plastiki hayapitishi sauti vizuri kama ya chuma. Atafute kwanza dira moja nzuri, aifunge mahali maji yanapotoka tangini, na aisome kwa usiku saba mfululizo kabla hajaandika pendekezo lolote kwa wakubwa wake.