Herufi zinafutika zenyewe usiku! Kava ya Biblia ya mama mkwe itaniaibisha, nisaidieni

MhasibuWaUmoja:
Habari zenu wasee. Mimi si fundi niseme mapema, mchana nko ofisi nashinda na vitabu vya hesabu, lakini mwaka jana mshipi wangu ulianza kubambuka kama ndizi (niliuziwa nikiambiwa ni ngozi tupu, kumbe ni kitambaa kimepakwa plastiki) nikasema wacha nijitengenezee wangu, na hapo ndio ugonjwa uliniingia. Mpaka sai nimetengeneza mshipi mmoja, vishikio vya funguo kama kumi, na pochi ya kadi ambayo bibi yangu anaibeba kwa huruma.

Sasa huyo huyo bibi amenitangaza kwao. Mama yake anastaafu ualimu na kuna ibada ya shukrani wiki tatu kutoka leo, mimi nimepewa kazi ya kava ya Biblia, ile kubwa ya Kikuyu, na iwe na herufi za jina lake R.W.K. Nikaenda kwa jamaa wa kutengeneza sofa akaniuzia vipande vya ngozi nyeusi, ngozi ya ukweli, laini, nilinusa mpaka akashangaa. Nikakata, nikaanza na kipande cha majaribio, nikalowesha vile wanasema kwa video, nikapiga zile herufi za chuma na nyundo. Zikatokea vizuri sana nikalala na raha. Asubuhi hakuna kitu! Ni kama ngozi imevuta pumzi ikajijaza. Nimerudia siku tatu, nimeongeza maji, nimeongeza nguvu, sasa hata jirani wa chini anagonga dari na ufagio.

Pia ukingo wa ngozi haung'ari. Nasugua na kitambaa ya turubai na maji mpaka mkono unauma, unabaki na manyoya tu kama blanketi. Ni mkono wangu ama ni vifaa? Vifaa nilinunua seti moja onlaini, vitu kama thelathini kwa begi.

tuliza_boli:
Pole kwa jirani 😂😂

shazia_mbili:
Kaka, si mkono na si nyundo. Ni ngozi. Umenunua ngozi ya kromu na unaifanyia kazi ya ngozi ya magome, hata ukipiga mpaka Krismasi haitashika.

Nikueleze kidogo juu hii ndio kitu hakuna mtu aliniambia nikianza, nikapoteza pesa miezi. Ngozi mbichi inaoza, kwa hivyo lazima ilainishwe na kitu cha kuizuia kuoza. Njia ya haraka ni chumvi za kromu, kazi ya siku moja ama chache, inatoka laini, inavumilia maji, na ndio iko kwa sofa, jaketi, viatu vingi na mabegi mengi. Njia ya zamani ni magome ya miti, wengine wanaita veji, na hapa kwetu mti wake unaujua, ni miwati, ule wazee wa Central Kenya wanaita muthanduku. Hiyo inachukua wiki, hata miezi. Inatoka ngumu kidogo, rangi ya chai ya maziwa, na ikipata maji inakuwa kama udongo, ukiikandamiza inakumbuka. Ya kromu haikumbuki kitu, inarudi vile ilikuwa.

Ukingo pia ni hivyo hivyo. Wa magome ukisugua na maji unashikana unang'aa. Wa kromu haushikani, unapakwa rangi ya ukingo ukikwaruza na msasa kila ikikauka, ama unaukunja ndani unashona, kama vile mabegi yanafanywa.

Jaribu hivi: kata kipande kidogo ukitazame kwa ubavu. Ukiona katikati kuna rangi ya kijivu-bluu, hiyo ni kromu. Ikiwa imepakwa nyeusi mpaka ndani, tia tone la maji upande wa nyama. La magome linanyweka haraka na panakuwa pa giza, la kromu mara nyingi linakaa tu hapo juu likikutazama.

Boma_la_Ngozi:
Ama achome kipande. Ya kromu inashika moto haraka na jivu lake linaenda kijani, ya magome inakaa ikifuka tu.

shazia_mbili:
Achomee nje basi, na kipande kama ukucha, moshi wa hiyo kitu si wa kuvuta ukiwa mtaa wa Umoja kwa chumba kimoja na madirisha yamefungwa. Mimi huwa siambii watu wachome kabisa, maji yanatosha.

MhasibuWaUmoja:
Nimejaribu. Tone limekaa dakika tano likinitazama kweli. Kumbe nimekuwa nikipiga sofa.

kijana_wa_jua_kali:
Mimi nataka kuongelea hiyo seti ya vitu thelathini, juu nilinunua kama hiyo na nikalia. Zile uma za kutoboa mashimo ya kushonea, meno yake yalikuwa mazito butu, hazitoboi, zinararua, na ukichomoa zinakuja na ngozi yote. Kisu cha kupara hakikuwa na makali hata ya kukata mkate. Wasee wanadhani vifaa vingi ndio ufundi.

Vitu unahitaji ni kidogo sana. Kisu chenye makali ya ukweli, na makali unayanoa wewe, msasa laini wa maji alafu unamalizia kwa kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arisha chuma. Rula ya chuma. Uma mmoja mzuri wa meno manne na mwingine wa meno mawili ya kona, nafasi ya milimita 4 kati ya jino na jino. Sindano mbili zisizo na ncha kali. Uzi wa nta. Ile sindano ya fundi wa viatu yenye mpini, mimi yangu ilitengenezwa na spoki ya baiskeli kwa mafundi wa chuma pale Kamukunji, Nairobi, nikingoja na imekaa miaka. Na kipande cha granite, nenda kwa wale hutengeneza meza za jikoni, vipande vilivyobaki huwa wanatupa.

Alafu hiyo nyundo ya chuma iache!! Inapasua vichwa vya vifaa. Tumia ya mbao ama ya raba. Kuhusu jirani, weka granite juu ya raba ya tairi na taulo iliyokunjwa, na uipige ikiwa juu ya mguu wa meza si katikati ya meza. Kelele inapungua nusu. Ama toboa kwa mkono na ile sindano, polepole lakini kimya.

tuliza_boli:
Uma wa kula pia unaweka alama za mshono sawa sawa, nilifanya hivyo mwaka mzima. Usicheke.

MhasibuWaUmoja:
Sicheki, nko na uma. Sasa, nishakata kava yote kutoka kwa hiyo ya sofa na pesa ya kununua ingine kubwa sina mwezi huu. Kuna namna ya kuokoa?

shazia_mbili:
Usitupe! Kwa kava, kromu ni sawa kabisa, hata ni bora, inajikunja na haichuji rangi kwa nguo za kanisani. Herufi tu ndio utaweka kwa kipande kidogo cha ngozi ya magome, kama kiraka, ushone juu. Unaweza kukifanya cha rangi ya udongo juu ya nyeusi, ikae kama ilipangwa.

mwana_wa_fundi:
Kipande nenda soko la Kariokor, Nairobi. Baba yangu alishona viatu huko na nimekulia chini ya meza yake kwa hivyo sikiza. Usiseme tu unataka ngozi ngumu, utapewa ile ya soli, milimita nne na zaidi, hutaiweza. Sema unataka ya magome ambayo haijapakwa rangi, nyembamba, milimita moja na nusu hivi. Ikunje na kidole, upande wa nywele ukipasuka nyufa nyufa achana nayo imekauka. Ukipewa kipande cha tumbo kataa, tumbo linavutika, leo ni mraba kesho ni yai. Chukua cha mgongo ama bega.

Angalia pia makovu. Ng'ombe wetu wamekwaruzwa na miiba, wameumwa na kupe, wamechomwa alama za mwenyewe, na mwenye kuchuna naye ameteleza na kisu. Kovu la juu si shida, mimi hata nalipenda, lakini alama ya kisu upande wa nyama ndio hatari, ngozi itakatikia hapo. Watu hupima kwa futi mraba lakini wewe unataka kiraka, uliza makombo, unatoka na bei ya chakula cha mchana.

BintiKisauni:
Hamjambo wa bara. Mie nauliza kitu kimoja tu, huyu kaka Biblia aliipima ikiwa imefungwa ama imefunguliwa?

MhasibuWaUmoja:
...

Niliifungua katikati nikailaza juu ya meza nikapima kutoka huku mpaka kule.

BintiKisauni:
Basi haifungi.

MhasibuWaUmoja:
Nimeingiza sai. Haifungi. Inakaa kama mdomo wa mamba, imebaki kama sentimita 2. Dada kwa nini hukuja jana.

BintiKisauni:
Pole babangu, hilo latukuta sote. Kitabu hupimwa kikiwa kimefungwa, waizungusha tepu kutoka ukingo wa mbele, upite mgongoni, mpaka ukingo wa nyuma, kwa sababu kikifungwa ndipo ngozi ya nje huwa na safari ndefu zaidi. Halafu waongeza kidogo ya mshono na ya mifuko ya ndani ya kuingizia majalada, na wajaribu kwanza kwa manila au karatasi ya boksi la unga. Mie sikati ngozi kabla karatasi haijakubali.

kijana_wa_jua_kali:
Ngoja ngoja. Hapa kuna bahati. Si mlisema kiraka cha magome? Badala ya kiraka kiwe ndio mgongo wa kava. Kata kava katikati, toa sentimita 4, weka juu kipande cha magome cha sentimita 8, kila upande kilalie ile nyeusi kwa sentimita 1. Hesabu: umetoa 4, umeongeza 6, umepata zile 2 zako. Herufi zinakaa mgongoni, kitabu kikiwa kwa rafu zinaonekana.

shazia_mbili:
Hiyo ni kali. Ila ipare iwe nyembamba pale inajikunja, milimita moja ama moja na kidogo, sivyo itakuwa kama mlango bila bawaba. Na ufuate mpangilio: kata, piga herufi, paka rangi kama unataka, paka mafuta kidogo, ndio ushone. Ukishona kwanza hutapata pa kupigia.

Kulowesha: sponji, si kuzamisha. Ngoja mpaka rangi yake ianze kurudi vile ilikuwa lakini ukiweka kwa shavu bado ni baridi. Hapo ndio saa yake. Piga mara moja kwa nguvu, ukirudia utapata herufi mbili.

Na usiache chuma juu ya ngozi ya magome ikiwa mbichi, hata vumbi ya chuma ya kunoa kisu. Chuma na hayo maji ya magome vikikutana vinatoa doa jeusi kama wino. Ikitokea, pangusa na maji ya ndimu haraka.

Boma_la_Ngozi:
Hiyo hiyo mimi hutumia kama rangi nyeusi, waya ya kusugua sufuria ndani ya siki, uiache siku kadhaa na kifuniko kisikazwe kabisa juu inatoa gesi. Ukipaka inaenda nyeusi mbele ya macho yako na haitoki. Lakini ukimaliza suuza na maji yenye magadi ya kuoka, sivyo siki inakula ngozi.

MhasibuWaUmoja:
Wacha nibaki na rangi ya udongo, nimeogopa vya kutosha. Swali la pembeni kabla sijaenda: mtu wa ofisi ameona pochi ameniambia nimfanyie ya kwake "bei ya kirafiki". Nimwambie ngapi?

mwana_wa_fundi:
Rafiki ndio hulipa vizuri. Hesabu ngozi, uzi, gundi, na masaa, na masaa uyahesabu ukweli, pochi ya kushona kwa mkono inaweza kula jioni tatu ukiwa mwanafunzi. Chukua nusu mbele kabla hujakata, baba yangu hakuwahi kugusa kisu bila nusu. Oda ya jina la mtu ukikataliwa utauzia nani?

MhasibuWaUmoja (siku kumi na mbili baadaye):
Nimerudi. Kariokor nilienda Jumamosi, nikakataa tumbo, muuzaji akaniuliza nani amenifundisha. Nilipata kipande cha bega chenye kovu dogo la mwiba, nimeliacha pale chini ya herufi. Nilipara mpaka nikatoboa cha kwanza, cha pili kikakubali. Mshono ni wa sindano mbili, uzi nilikata mara nne ya urefu wa mshono na bado kwa upande mmoja uliisha nikibakisha matundu matatu, sijui nilivuta wapi. Sijaweka zipu, nimeweka kamba na kifungo.

Herufi nilipiga saa mbili usiku, pigo moja moja, raba ya tairi chini. Saa kumi na moja asubuhi nimeamka nikaziangalia na tochi ya simu. Ziko. Biblia inafungwa.

Ila ile K imepanda juu kama milimita moja kuliko wenzake.

BintiKisauni:
Mwalimu wa shule ya msingi ataiona K hiyo akiwa bado getini. Hongera lakini, weka picha.

tuliza_boli:
Na jirani?

MhasibuWaUmoja:
Jirani anataka mshipi. Kiuno arobaini na mbili. Nimemwambia nusu mbele, ananiuliza hakuna bei ya jirani.