Uuguzi wa jeshini: binti yetu yuko mwaka wa pili Ndanda, ashike njia ipi?

Kutoka: Binti Chikundi (Ohio)

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za huko mliko.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma stashahada ya uuguzi Ndanda, yuko mwaka wa pili. Tangu shule ya msingi pale Masasi alikuwa anasema atakuwa nesi wa jeshi, na hajabadilika. Sasa ameniandikia anataka jibu: akimaliza aende JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ili baadaye aombe JWTZ, jeshi letu lenyewe, au aje huku Marekani, au aende Uingereza, ambako amesikia jeshi linapokea Watanzania? Baba mdogo anasema ada ya mwaka wa tatu itatoka korosho zikishauzwa mnadani, kwa hiyo muda wa kufikiri upo. Kama kuna mtu humu aliye ndani ya kazi yenyewe, naomba atuambie anayoyajua. Ya mitandaoni tumesoma tumechoka.

Kutoka: Mwana Newala (San Antonio)

Marahaba mdogo wangu. Niko ndani ya kazi hiyo. San Antonio ndipo ilipo Fort Sam Houston, ambako jeshi la Marekani linawafundishia watu wake wa tiba, na hapa ndipo ninapofanyia kazi. Nitaandika kirefu kwa sababu swali hili linaniuma. Wadogo zetu wanapelekwa huku na huku na watu ambao hawajawahi hata kuingia wodi ya jeshi.

La kwanza kabisa ni pasipoti. Muuguzi kamili wa jeshi la Marekani ni ofisa. Anaanza na cheo cha luteni usu, na ofisa lazima awe raia wa Marekani. Lazima pia awe na shahada ya uuguzi inayotambuliwa, pamoja na leseni aliyoipata kwa kufaulu mtihani wa NCLEX. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuingia kama askari wa kawaida, na huko kuna kazi ya uuguzi msaidizi wanayoiita 68C. Mafunzo yake ni ya karibu mwaka mzima, na ukimaliza unafanya mtihani wa leseni ya uuguzi ya ngazi hiyo. Mimi nimepita humo. Ukiwa askari sheria inakuruhusu kuomba uraia mapema kuliko wakaazi wengine, na ada ya ombi hutozwi. Ukishakuwa raia, kuna mpango wa jeshi unaokusomesha shahada ukatoka ofisa.

Lakini mdogo wako hana kadi. Yuko Ndanda, si Ohio. Mtu asimdanganye kwamba ataandika barua kutoka Masasi akaitwa jeshi la Marekani. Njia hiyo haipo.

Halafu uraia wenyewe. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Siku unayokula kiapo cha Marekani kwa hiari yako, wa nyumbani umekoma. Kwetu Newala jambo la namna hiyo halimalizwi na mtu mmoja chumbani kwake. Mimi niliwapigia simu wajomba kabla ya kiapo, na mjomba mkubwa aliniuliza swali moja tu: shamba la mikorosho aliloniachia bibi litaandikwa jina la nani? Lilikuwa swali la haki, maana ardhi ya Tanzania asiye raia haimiliki kama raia anavyoimiliki. Tulikaa tukalipanga, ndipo nikaenda kuapa. Yeyote anayeifikiria njia hii aanze na mazungumzo hayo mapema, wazee wakiwa bado wapo.

Na kama ana mtoto au anatarajia kupata, asikilize hapa. Jeshi la Marekani linamtaka mzazi anayelea peke yake, na wanandoa ambao wote ni askari, waandike mpango wa malezi na kuusaini: nani atamchukua mtoto ukipewa amri ya kuondoka, na pesa za matunzo zitapitia wapi. Wenzetu Wamarekani wanaandika jina la mama mzazi anayeishi mtaa wa pili. Sisi mama zetu wako Tandahimba, na viza ya bibi haipatikani kwa sababu wewe umepewa safari. Nimewaona akina dada wenye uwezo mkubwa kazini wakikwama kwenye karatasi hii moja. Mtafuteni mtu wa kuaminika aliye hukohuko mnakoishi, muelewane naye kabla hamjahitaji.

Kazi yenyewe naipenda. Mara nyingi ni wodi kama wodi nyingine: dawa, vidonda, wagonjwa wenye sukari, mama wanaojifungua, kwa sababu jeshi linatibu na familia za askari. Tofauti inaonekana kwenye mazoezi ya majeruhi. Chuoni nyumbani tulifundishwa kuanza na njia ya hewa. Jeshini, damu inayobubujika ndiyo ya kwanza, hata kabla ya pumzi, kwa sababu mtu aliyekatika mguu anaweza kuisha damu ndani ya dakika chache. Unafunga mkanda juu ya jeraha, unaukaza kwa kijiti chake mpaka damu ikome, unaandika saa uliyofunga mahali ambapo atakayempokea hawezi kukosa kuiona, ndipo unahamia kwenye pumzi. Haya yote unayafanya gizani, umevaa fulana ya chuma, gari linaruka mashimo. Nesi wa vijijini kwetu aliyezoea kuzalisha kwa mwanga wa tochi ana mwanzo mzuri hapa, nalisema hilo kwa moyo wote.

Kutoka: Mwana Mikindani (Birmingham)

Da Mwana Newala amenena. Niongeze ya Uingereza, maana huku pasipoti ya Tanzania haikuzuii.

Tanzania imo Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya anaweza kuingia jeshi la Uingereza akiwa na uraia wake uleule. Tangu 2018 sharti la kwamba uwe umeishi huku miaka 5 kwanza liliondolewa. Unapokuwa jeshini unasamehewa masharti ya uhamiaji. Ukitumikia miaka 4 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na tangu Aprili 2022 aliyefikisha miaka 6 halipi ada ya ombi hilo. Mume na watoto hawamo kwenye msamaha, na ada zao ni kubwa, kwa hiyo mwenye familia aanze kuweka akiba mapema. Ukaazi si uraia. Pasipoti ya Tanzania unabaki nayo.

Ila kwa nesi, jeshi linakutaka uwe tayari kwenye daftari la NMC, baraza la wauguzi la huku. Hapo ndipo kazi ilipo: Kiingereza (IELTS alama 7, kuandika 6.5, au mtihani wa OET), mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyiwa hukuhuku. Wengi tuliowaona wakifika salama walipita hospitali za NHS, yaani za serikali, kwanza, wakakaa, ndipo wakaomba jeshi. Na wala hutahisi umehama sana: Uingereza haina tena hospitali za jeshi peke yake. Manesi wa jeshi wakiwa hawako safarini wanafanya kazi ndani ya NHS, Queen Elizabeth hapa Birmingham ikiwa mojawapo. Msichanganyikiwe na majina mkisoma habari za zamani. Kikosi cha wauguzi cha QARANC kiliunganishwa na vya madaktari na meno Novemba 2024, sasa vyote ni Royal Army Medical Service.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Tanzania iko kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri na mawakala wa huku hawaruhusiwi kwenda kuchota wauguzi, kwa sababu nyumbani hawatoshi. Muuguzi mwenyewe kuomba kwa hiari yake anaruhusiwa. Kwa hiyo wakala atakayetokea Mtwara au Lindi kukusanya "ada ya nafasi Uingereza", msimpe hata shilingi.

Kutoka: Bibi Matroni (Mtwara)

Wanangu, nimewasoma wote, Mungu awalinde huko mliko. Mimi nimestaafu, nimeuguza hospitali ya Ligula miaka mingi, na naona mmeiweka nyumbani mwisho kana kwamba ni njia ya waliokosa.

Watu wa kusini hatujaanza leo kumjua muuguzi askari. Samora Machel alikuwa muuguzi kwa kusomea kabla ya kujiunga na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea. Hapa Mtwara mjini walikuwa na hospitali yao, Dk. Américo Boavida, jina la daktari wa Angola aliyeuawa vitani 1968. Majeruhi walivushwa Ruvuma wakaletwa kutibiwa. Wazazi wetu waliwaona kwa macho.

Huyo binti yuko karibu zaidi na JWTZ kuliko na jeshi jingine lolote. Nachingwea kuna kikosi cha JKT, 843 KJ. Nafasi za kujitolea zikitangazwa, maombi yanapitia wilayani na mkoani, bure kabisa, na anayedai fedha ni tapeli. JKT haimwahidi mtu ajira, hilo alijue. Lakini jeshi likitangaza nafasi linaangalia cheti cha JKT, linaangalia taaluma, na linaangalia umri. Umri ndio unaowaponza. Hapa sikubaliani na wanaomwambia kijana asubiri mpaka akusanye kila karatasi: umri wa kuingia jeshini unakatika mapema. Uingereza itamsubiri, JWTZ haitamsubiri. Na akiingia, kuna Lugalo, hospitali kuu ya jeshi, ambako hata raia wanatibiwa na ambako jeshi lina chuo chake cha tiba. Vikosi vyetu vimelinda amani Darfur, Kongo, Lebanoni na Afrika ya Kati, na kikosi hakiondoki bila watu wa tiba.

Kutoka: Mwana Newala (San Antonio)

Shikamoo Bibi. Umenifungua kwenye suala la umri, na kwa binti huyu nakubali: amalize, apate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, aombe JKT nafasi zikitoka. Shahada anaweza kuisoma baadaye akiwa ndani.

Ninachoomba ni karatasi ziwe safi tangu sasa, kwa sababu njia zote tatu zinazihitaji. Mkague jina lake herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na usajili wa chuo. Kwetu mtoto anaandikwa Mwanaisha shuleni, Mwanahaisha zahanati, na jina la tatu moja ni la babu, jingine ni la ukoo. Huku, shirika linalokagua vyeti vya wauguzi waliosoma nje (zamani CGFNS, sasa TruMerit) likikagua masomo yako linataka rekodi zitoke chuoni na kwenye Baraza moja kwa moja kwenda kwake. Jina lisipolingana, faili linalala. Likirekebishwa sasa, ni safari ya kwenda ofisini Masasi. Likiachwa mpaka awe mbali, ni wakili, kiapo na miezi ya kubembeleza watu kwa simu.

Kutoka: Binti Chikundi (Ohio)

Asanteni sana, na Bibi asante kwa kutusimamia. Nimeongea naye jana usiku, mama mdogo akiwa pembeni. Atamaliza Ndanda, atatafuta leseni, ataomba JKT. Majina tumeyakagua palepale kwenye simu: cheti cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na cha kidato cha nne. Baba mdogo anakwenda nacho Masasi wiki ijayo. Bibi, akifika Mtwara kwa mafunzo ya vitendo, naomba aje akuamkie.

Kutoka: Bibi Matroni (Mtwara)

Aje. Aje na daftari lake la vitendo, nimkague anavyotafuta mshipa.