MREJESHO: Kujitolea kama msaidizi wa kisheria mtaani

Wakuu, salaam. Niliuliza kama mtu asiye na digrii ya sheria anaweza kujitolea kusaidia waliotapeliwa na kusuluhisha migogoro ya mtaani. Anaweza. Hapa Tanzania, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Unapewa mafunzo, hutozi mtu hela, na mahakamani humwakilishi mtu.

Kesi nyingi zinakuja na simu mkononi. Juzi kaja mama muuza vitumbua na kitochi chake, meseji bado ipo: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kumbe siku hiyohiyo alikuwa anadaiwa kodi ya fremu, akatuma. Tukapiga mtandao wa simu haraka, hela ilishatolewa. Namba ya tapeli tukairipoti kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha nikamwambia abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Moja haijui kabisa! Hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko hela.

Migogoro ya mipaka ndiyo inachosha. Wengi bado wanadhani baraza la kata linahukumu kesi za ardhi, wakati tangu 2021 linasuluhisha tu. Ikishindikana ndani ya siku 30, mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kumweleza hivyo mzee aliyekuja na panga na mashahidi wake si mchezo.

Aliyesema nianzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, asante sana mkuu, ndiye aliyeniunganisha. Na mlioniuliza posho: hakuna, hata nauli unajilipia.