Naomba ushauri: mtoto anaona nyota mbili, mimi naona moja. Ninunue darubini ipi?

Mkongwe Mpole (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo dogo linaninyima usingizi. Kijana wangu yuko kidato cha pili, siku hizi akili yote iko angani. Juzi mvua ilipokatika, mida ya saa tatu usiku, tukiwa nje hapa Makambako, akanionyesha nyota anayoiita Mizar. Anasema ina mwenzake pembeni, Alcor, na macho matupu yanatosha kuziona zote. Yeye anaziona. Mama yake anaziona. Hata yule mdogo wa darasa la tatu. Mimi naona moja, tena ina miali. Nimekodoa mpaka shingo imeuma. Kuna mtu ananiuzia darubini ya lenzi ya milimita 70, mwingine ana ya macho mawili, 10x50. Ipi itanionyesha zote mbili? Hela ipo.

Fundi Saa
Chukua 10x50. Mizar na Alcor zimeachana dakika 12 za pembe (dakika 60 ni digrii moja), zaidi ya theluthi ya upana wa mwezi mpevu. Ila hiyo ya milimita 70 nayo ina utamu wake, Mizar yenyewe inapasuka zinakuwa mbili. Castelli, mwanafunzi wa Galileo, alishaliona hilo 1617. Mwaka 1889 Pickering wa Harvard akatangaza kwamba mmoja wa hao wawili naye ni jozi. Aliijua kwa kuuchambua mwanga wake, maana jicho halikuweza kuwatenganisha hata kwa darubini. Baadaye wa pili naye akakutwa hivyo hivyo, na 2009 Alcor akagundulika ana kibete chekundu, yaani nyota ndogo hafifu, ubavuni. Jumla sita, umbali wa miaka ya nuru 80 na ushee.

Kipara Ngoto
Yaani Alcor kaficha mchepuko hadi 2009? Nidhamu ya hali ya juu.

Bint Maskati
Waarabu wa zamani walipimia macho kwa hiyo Alcor, wanaiita Suha. Wana msemo: namwonyesha Suha, yeye ananionyesha mwezi. Kaka usichukie, lakini wewe uko upande wa mwezi.

Mama Wawili Tanga
Marehemu baba alianza hivyo hivyo. Akimimina chai nusu kikombeni nusu mezani, ukimwambia anakuja juu, eti meza imepinda. Tulimburuza hospitali, kumbe mtoto wa jicho. Alivyotolewa tu, siku ya kwanza akaanza kutusema: nyumba ina utando wa buibui, mbona hamfagii? Tukatamani arudi alikotoka.

Nesi wa Zamu
Mkongwe, niko kliniki ya macho. Darubini itakuonyesha nyota, haitarekebisha macho. Hiyo miali unaiona na kwenye taa za barabarani? Na shughuli zako ni zipi?

Mkongwe Mpole
Asante dada. Shughuli ni za kawaida tu. Mchana naona vizuri sana, hata bango la mbali nalisoma. Hebu turudi kwenye darubini.

Nesi wa Zamu
Za kawaida zipi? Wapo wanaoona vizuri mchana, giza likiingia mboni inapanuka na kasoro za jicho ndiyo zinajitokeza. Nauliza kwa sababu.

Mkongwe Mpole
Haya. Naendesha semi, Dar–Tunduma, sana sana usiku. Taa za wenzangu zina miali, ndiyo, lakini siku hizi kila gari limefungwa taa kali, hilo si la macho yangu. Fomu ya afya ya leseni ninayo, ilijazwa. Nikienda kupima sasa hivi na miwani ikaonekana lazima, bosi anampa mtu mwingine gari. Nina ada za Januari. Nimepanga nimalize safari hii na inayofuata ndipo niende. Naijua Kitonga kona kwa kona.

Mtumishi Yona
"Ilijazwa"! Nani aliijaza? Ndugu, wale mnaopishana nao usiku wana watoto pia. Mche Mungu.

Kipara Ngoto
Kona unazijua. Lori lililoharibika katikati ya kona unalijua?

Mpiga Ramli wa Kisasa
Wakuu, mnakunywa chai ya maziwa na hamjui. Huu ni Desemba. Mizar kwa huku kwetu haichomozi mpaka saa tisa usiku ipite. Saa tatu iko chini ya ardhi. Familia nzima imeionaje? Jamaa katunga, kesho mtaona uzi wa pili ana kansa ya jicho anaomba michango.

Mama Wawili Tanga
Haa! Na mimi nimeshamwaga habari za baba yangu hapa.

Mkongwe Mpole
Nitunge ili nipate nini? Nimeandika alichosema mtoto. Nimeomba michango wapi?

Fundi Saa
Mpiga Ramli yuko sawa kuhusu saa, na mimi nilirukia darubini bila kuuliza. Mkongwe, mlitazama upande gani? Kulikuwa na nini jirani?

Mkongwe Mpole
Kaskazini mashariki. Kilimia kilikuwa juu yake kidogo, na palepale kuna nyota kubwa nyekundu.

Fundi Saa
Basi si chai. Hiyo nyekundu ni Aldebaran, na kijana kawaonyesha Theta Tauri, nyota mbili zilizokaribiana, kaichanganya na Mizar ya kitabuni. Mpongezeni, kaziona. Ni nyota jitu jeupe na jingine la manjano linaloelekea chungwa, umbali kama miaka ya nuru 150, kwenye kundi la Hyades. Mizizi yao ni wingu moja, zimezaliwa pamoja. Zimeachana dakika 5 na nusu hivi, chini ya nusu ya Mizar na Alcor.

Mkongwe Mpole
Kumbe nilipewa mtihani mgumu! Basi macho yangu hayana neno, nilijua tu. Nesi umesikia?

Fundi Saa
Subiri. Jicho zima linatenganisha hata dakika moja. Piga hesabu: taa mbili za lori, katikati mita mbili, likiwa mbali kilomita moja na robo, zinaachana pembe ile ile ya Theta Tauri. Kwako hiyo ni taa moja. Lori au bodaboda, utajuaje?

Kipara Ngoto
Hapo nimeacha kucheka.

Nesi wa Zamu
Kupima hakumalizi hata saa moja. Miwani haikunyimi leseni, inaandikwa kwenye leseni kwamba unavaa. Gari linapakiwa lini?

Mkongwe Mpole
Kesho kutwa. Nimewasikia wote, msinishambulie. Usiku nitampa utingo aendeshe, mimi nikamate mchana.

Nesi wa Zamu
Utingo ana leseni?

Mkongwe Mpole
Anajifunza. Lakini macho anayo.