Tupeane uzoefu: somo lililokutoa jasho ulipokuwa ukisomea uhandisi

Geji Mbovu
Wakuu, salaam. Jana mdogo wangu, aliye mwaka wa pili wa uhandisi mitambo, alinipigia simu kuuliza kwa nini jibu lake la swali la boila halilingani na la wenzake, nami nikacheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akanitazama. Kosa lake ni lilelile langu katika themodinamiki, somo la joto na nishati. Swali lilisema geji ya kanieneo inasoma kilopaskali 900. Alikwenda moja kwa moja kwenye majedwali ya mvuke, akasoma mstari wa 900, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 175 hivi, akasahau kwamba geji haihesabu kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Ukiongeza 100 ya hewa, mstari wako ni ule wa 1,000, ambapo maji huchemka karibu na nyuzi 180, na usipoongeza, kila namba unayoandika kuanzia hapo ni ya boila ya watu wengine. Mimi nilipata alama 38 na sapu, yaani mtihani wa marudio. Nani ana lake?

Boriti
Themodinamiki hiyohiyo. Nimesoma nikashika tumbo.

Kenchi ya Mninga
Langu ni uchanganuzi wa miundo, ingawa kusema kweli somo lenyewe halikuwa na hatia. Katika jaribio la pili tulipewa kenchi ya paa yenye viungo 8, na wakati ule kenchi nilikuwa naziota usiku. Asubuhi yake jirani yangu wa chumbani, aliyekuwa akisoma umeme, aliazima kikokotoo changu akakirudisha kikiwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Kila nilipotafuta saini (sine) ya nyuzi 30 kikaniletea hasi 0.988 badala ya 0.5, nami kwa haraka niliyokuwa nayo nikaamini kwamba hasi ile inanionya kuwa nimekosea mwelekeo wa nguvu, kwa hiyo nikageuza mishale yote. Vipande vinavyovutwa vikawa vinakandamizwa, na vinavyokandamizwa vikawa vinavutwa. Mhadhiri hakunipa hata alama ya kuchora. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Paa hili limepaa."

Nati Iliyokaza
Ndugu, huo si ugumu wa somo, ni uzembe. Mtu anayepata saini ya 30 ikiwa hasi na asishtuke hakupaswa kuvuka kidato cha nne.

Kenchi ya Mninga
Mkuu, ulikuwamo katika chumba kile? Ulikuwa na dakika 50 na maswali matatu? Hukumu ya mtu aliyeketi sebuleni na kikombe cha chai haina uzito.

Nati Iliyokaza
Sinywi chai.

Mkondo Mchafu
Ninyi mnalilia namba. Kwetu, katika mekanika ya vimiminika, kulikuwa na milinganyo ya Navier-Stokes, inayoeleza jinsi vimiminika vinavyotiririka, ambayo mwaka 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani iliitangazia zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayethibitisha kama majibu yake hubaki laini daima katika pande tatu au la. Fedha zile bado hazina mwenyewe. Kwetu lilikuwa swali la nne, alama 15. Ni kweli kwamba tuliulizwa mtiririko kati ya bapa mbili tu, ambapo sehemu kubwa ya milinganyo hujifuta yenyewe, lakini ni nani aliyekumbuka kipi kifutwe na kipi kibaki?

Antena
Mnacheka, na mimi nimekumbuka kitenge. Nilisoma uhandisi wa umeme, na somo lililonikomesha ni sumakuumeme. Milinganyo ya Maxwell ni minne tu, na niliweza kuiandika yote nyuma ya tiketi ya basi. Hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu kuiandika ni kazi ndogo ukilinganisha na kukaa mbele ya karatasi tupu ukitakiwa kuonyesha jinsi wimbi linavyotoka kwenye antena na kusambaa pande zote. Nililikeri somo hilo, yaani nililibeba bila kulifaulu, kutoka mwaka wa tatu, nikalirudia pamoja na wadogo zangu wa chuo, nikapata 37 wakati kufaulu ni 40. Nyumbani sikusema. Ningesemaje, na shangazi alikwisha kununua doti saba za kitenge cha sare kwa ajili ya mahafali? Orodha ya wahitimu ilipobandikwa niliisoma mara tatu kutoka juu, kisha nikaisoma kutoka chini. Nikampigia baba nikamwambia kwamba sherehe imeahirishwa. Akaniuliza, "Imeahirishwa kwa wote, au kwako?" Sikujibu, naye hakukata simu. Tulikaa hivyo mpaka salio langu likaisha.

Boriti
Pole sana, dada. Themodinamiki naiondoa kwenye mashindano.

Mkondo Mchafu
Doti saba! Ikawaje?

Nati Iliyokaza
Pole, dada yangu. Kwa walio chuoni sasa, tafuteni madesa ya mitihani ya miaka mitano iliyopita, myafanye yote kwa mkono. Maswali hujirudia.

Geji Mbovu
Ushauri huo ndio uliowaponza wenzangu 11, kwa sababu mwaka wetu mhadhiri alibadilishwa na hakujirudia hata swali moja. Mtafuteni aliyewahi kupata sapu awaelekeze. Aliyepata A hajui mlipokwama, maana yeye hakupita hapo.

Kenchi ya Mninga
Na msiazimishe kikokotoo.

Antena
Mliouliza kuhusu kitenge: kilivaliwa mwaka uliofuata. Shangazi alikuwa amenenepa, ikabidi fundi afumue ubavuni na kuongeza kipande, na kwa kuwa doti zilikwisha kupauka kabatini, kipande kipya kinaonekana waziwazi katika picha iliyotundikwa sebuleni kwa baba. Wageni wakiuliza, baba huwaambia kwamba ndio mtindo.

Geji Mbovu
Mdogo wangu amepata nyuzi 180. Sasa anataka nimweleze entropi ni nini hasa, nami nimemwambia mtandao unasumbua.