Msaada wa haraka: Prethoryn wamekula nusu ya galaksi, nimebaki na vikosi vitatu

Nahodha_wa_Pwani (mtoa mada)
Wakuu, habari za usiku. Naombeni ushauri kwa wanaoijua Stellaris, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga mataifa ya anga. Nimekwama na usingizi hauji.

Nipo mwaka 2431. Nilianza 2200 kama kawaida na mambo yakaenda vizuri sana, mpaka ule mwangwi wa kutoka nje ya galaksi ulipoanza kusikika. 2419 Prethoryn, wale wadudu wa angani wanaokula kila kitu, wakaingia kwa upande wa kaskazini. Huko kaskazini ndiko aliko mshirika wangu, tumeungana tangu 2230. Alikuwa na nyota arobaini na kitu, sasa amebakiwa na sita, na anaulizia msaada kila siku.

Mimi nina vikosi vitatu, kila kimoja nguvu kama 160,000. Kati yangu na hao wadudu kuna njia moja tu, na hapo nina kituo kikubwa kimejaa mizinga. Swali: nirudishe vikosi vyote nyuma ya kituo niwasubiri, au nipande kaskazini nikapigane kwenye nyota za mshirika? Binafsi naona kurudi nyuma ndiyo busara. Mnasemaje?

Fundi_Plazma
Mkuu, kabla ya mbele na nyuma, meli zako umezifunga silaha gani? Na ugumu wa janga, yaani hao wavamizi wa mwishoni, uliweka mara ngapi?

Nahodha_wa_Pwani
Mizinga ya kinetiki karibu kote. Ugumu mara 3.

Fundi_Plazma
Hapo ndipo unapofia. Prethoryn hawana ngao hata moja, wana deraya na mwili mkubwa. Kinetiki kazi yake ni kuvunja ngao. Ikikutana na deraya ni kama mtoto anarushia bati mawe: kelele nyingi, bati lipo palepale. Hizo 160,000 zako ni namba ya kwenye karatasi.

Funga plazma, na manowari zako kubwa zipe miale ya takioni. Halafu wadudu wanapigana kwa makombora na makundi ya vidude vidogo vinavyoruka, kwa hiyo lazima kila kikosi kiwe na meli za kudungua. Bila hizo hata plazma yako haitafika mbali. Kubadilisha kunakula aloi na meli zinakaa kwenye karakana muda mrefu, basi usiingize vikosi vyote kwa mpigo. Kimoja kiingie, viwili vikae nyuma ya kituo. Kwa sasa kurudi nyuma ni sahihi, ila sababu ni silaha zako, siyo kituo.

Nahodha_wa_Pwani
Asante sana mkuu. Kwa hiyo mshirika nimwache tu, siyo?

Kaka_wa_Kisauni
Pole ndugu yangu. Mimi walinitokea Unbidden, wavamizi wengine wa mwishoni, 2407. Hao ni kinyume cha wadudu: deraya hawana, ngao ndizo nene. Nami nilikuwa nimejaza plazma kila mahali kwa vile mchezo wa nyuma yake nilipigana na Prethoryn. Lango lao la kuingilia lilifunguka nyota mbili tu kutoka kwangu. Ukiliwahi lango kabla hawajajenga zile nanga zao umemaliza kazi, maana nanga zikisimama lango haliguswi mpaka uzivunje zote kwanza. Nikakusanya kila chenye injini nikatuma. Lango limebaki robo, stima ikapotea. Mtaa mzima giza. Kurudi, faili halifunguki. Miezi mitano ya mchezo. Nilikaa gizani nikisikiliza jenereta la jirani na nikahisi kulia.

Nunua UPS kwanza, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea. Hayo mengine baadaye.

Dogo_Janja
UPS ya laptop ya nini wakati ina betri?

Kaka_wa_Kisauni
Yangu ni ya mezani, ndugu.

Mzee_wa_Busara
Vijana, saa nne za usiku mnahesabu nyota zisizokuwepo. Muda huu mtu mwenye malengo amelala ili alfajiri awe kibaruani. Nasema kwa upendo.

Dada_Mizinga
Mzee, na wewe saa nne hii upo hapa unasoma. Tumwache mtu na tatizo lake.

Mtoa mada, nina swali. Mshirika wako ni kompyuta au ni mtu? Nimecheza huu mchezo tangu ulipotoka 2016, na sijaona mtu anakosa usingizi kwa ajili ya taifa la kompyuta. Likiliwa limeliwa, unachukua nyota zake baadaye.

Nahodha_wa_Pwani
Ni mshirika tu. Tumetoka mbali.

Dada_Mizinga
Sijauliza mmetoka wapi. Kompyuta au mtu?

Nahodha_wa_Pwani
Ni mdogo wangu.

Yupo Muscat mwaka wa pili sasa, jikoni kwenye hoteli. Tunacheza Alhamisi usiku kwa sababu kule Ijumaa ni mapumziko. Saa zetu zimepishana moja tu, akitoka kazini anaoga, anafungua laptop, tunakwenda mpaka alfajiri. Taifa la kaskazini ni lake. Alichagua viumbe vinavyofanana na pweza, na sayari zake zote amezipa majina ya mitaa ya nyumbani Tanga. Makao makuu ni Raskazoni. Kuna Chumbageni, kuna Mabawa, kuna Makorora.

Alhamisi iliyopita alisinzia katikati. Nilimsikia kabisa kwenye simu anakoroma. Tukahifadhi mwaka 2420, nikazima. Jumamosi nikafungua peke yangu nisafishe kidogo tu, ili akirudi akute pamepungua. Mtu akiwa hayupo kompyuta inashika taifa lake. Mnajua inavyopigana: ilituma meli zake moja moja. Mimi nilikuwa kusini, nina sayari zangu tano zilikuwa zinashambuliwa na nimeziokoa zote tano. Nilipogeuka kuangalia kaskazini Raskazoni ilikuwa imeshaanguka. 2429.

Nimecheza miaka kumi na moja bila yeye. Lakini tungesubiri Alhamisi tungeweza kupoteza yote, yake na yangu. Hilo nataka lieleweke.

Mama_Wawili
Mimi hayo ya nyota siyajui, niliingia uzi huu kwa bahati. Ila habari ya ndugu aliye Arabuni naijua mpaka mwisho wake.

Kaka yetu alikuwa Doha miaka saba. Alikuwa anatuma hela ya kujenga, anamtumia mdogo wetu wa mwisho. Kila akiuliza anaambiwa jengo limefika kwenye lenta. Sote tulijua kiwanja kina msingi tu, nyasi zimefika kiunoni, na mimi nikiwemo niliyenyamaza nikisema si langu. Aliporudi hakutupigia, alitoka uwanja wa ndege akaenda moja kwa moja kiwanjani na begi lake. Jirani ndiye aliyetuambia kuwa kuna mtu amekaa juu ya msingi tangu mchana. Hela alishasamehe zamani. Lakini mpaka leo ukimwambia neno lolote, hata kwamba chai ipo mezani, anakuja kuangalia mwenyewe.

Mwambie mdogo wako.

Nahodha_wa_Pwani
Mama, nakuheshimu, lakini mimi sijala hela ya mtu. Huu ni mchezo.

Mzee_wa_Busara
Kama ni mchezo, mbona hulali?

Mdadisi_77
Samahanini wakuu, mimi naona hii ni chai, na ya rangi. Posti ya kwanza mtoa mada kasema mshirika anaulizia msaada kila siku. Sasa mshirika ni mdogo wake ambaye hayupo mchezoni tangu Alhamisi. Kompyuta ikishika taifa haiji kukubembeleza. Nani anaulizia kila siku? Na watu wawili, Tanga na Muscat, galaksi imejaa, mwaka 2431, kwa bando letu hili? Weka picha au futa uzi.

Dogo_Janja
Hapo kwenye "kila siku" hata mimi niliinua kichwa. Nipo pale nimekaa.

Fundi_Plazma
Kuhusu bando, inawezekana. Mkiwa wawili mchezo hauli data nyingi, kinacholemea mwishoni ni kompyuta yenyewe. Cha msingi wote muwe na toleo lilelile, la sivyo hamuungani. Hilo la "kila siku" lakini ni swali la haki.

Nahodha_wa_Pwani
Toleo ni lilelile. Yeye ana mchezo wa msingi tu, nyongeza zote nimenunua mimi, na mwenye kuandaa akiwa nazo wote wawili mnazitumia. Kwa hiyo faili linakaa kwangu.

Anayeulizia kila siku ni yeye, kwa WhatsApp. Mapumziko yao ni saa kumi jioni, dakika ishirini. Ananiandikia, "Kaka, vipi kwetu, meli zako zinakuja lini?" Anafikiri tupo palepale tulipoachia, 2420, na Alhamisi nitapanda na vikosi kumsaidia. Jumapili nilimjibu, "Bado tupo." Jumatatu nikajibu, "Usijali, Raskazoni iko salama." Leo sijajibu.

Picha siweki kwa sababu na yeye anapita humu. Nitawaambia kilichopo kwenye skrini. Nimesimamisha mchezo. Kikosi changu cha kwanza kipo juu ya Raskazoni. Sayari yenyewe imegeuka, ile bahari yake haipo, imekuwa kama nyama iliyoachwa juani. Jina bado limeandikwa pale chini, kwa herufi alizoandika yeye. Fundi anajua, sayari ikishaambukizwa dawa ni moja tu: unaipiga kutoka juu mpaka uozo uishe, na kinachobaki ni jiwe tupu. Nilishatoa amri. Zimepita kama siku tatu za mchezo, nikabonyeza kusimamisha, nikaja kufungua uzi huu.

Faili la Alhamisi ninalo. Naweza kulifungua na yeye asijue lolote. Lakini zile sayari tano zangu nitazirudisha kwenye moto, na si lazima niziokoe mara ya pili.

Mdadisi_77
Nimekuelewa. Naomba radhi kwa neno chai.

Kaka_wa_Kisauni
Rudisha faili la Alhamisi na unyamaze. Wewe una bahati ya kuwa nalo, mimi sikuwa nalo.

Dada_Mizinga
Kurudisha ni sawa, kunyamaza si sawa. Akija Alhamisi wewe tayari unajua wadudu watapita wapi na lini, yeye hajui. Utakuwa unacheza na mtu uliyemfumba macho. Mpigie.

Nahodha_wa_Pwani
Yupo kazini mpaka saa tano.

Mama_Wawili
Saa tano si mbali.

Dogo_Janja
Wakati tunasubiri, nani anajua bei ya UPS kwa sasa? Kweli naulizia, mdogo wangu anatumia ya mezani.

Kaka_wa_Kisauni
Njoo inbox.

Nahodha_wa_Pwani
Wakuu, nimempigia.

Nilimwambia yote kwa mfululizo kama nilivyowaandikia, kuanzia ile Jumamosi. Alinyamaza muda. Nyuma yake nilikuwa nasikia sufuria zinaoshwa. Kisha akauliza, "Umeshaipiga Raskazoni?" Nikamwambia siku tatu, bado haijaisha. Akasema, "Iache. Usifungue faili la zamani, usifungue na hilo jipya. Alhamisi nitaingia mimi. Meli zangu zilizobaki nitazipeleka mwenyewe, nitaipiga mwenyewe."

Nikamwambia samahani. Akasema tutaongea Alhamisi, akakata. Halafu dakika kumi baadaye akaandika, "Mabawa ipo?" Nikamjibu ipo. Na kweli ipo, ni katika zile sita.

Fundi_Plazma
Vizuri. Basi tumia muda huu, ingiza kikosi cha pili karakana ukifunge plazma. Kubadilisha kunachukua miezi ya mchezo, ukianza leo Alhamisi mnakuta tayari.

Nahodha_wa_Pwani
Siwezi mkuu. Kasema nisifungue.